Mjadala: Kampuni za nguo zilipie taka za kwenye mabelo yetu?

Mleta mada (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni. Juzi alfajiri nilikuwa soko la mitumba la Karume, belo la magauni linafunguliwa. Mwenye mzigo akachomoa nguo nne zenye lebo za maduka makubwa ya Ulaya, akazitundika fasta. Chini kikabaki kifungu cha kusikitisha: blauzi za poliesta zilizotoboka kwapani, suruali isiyo na zipu. "Hizi ndiyo hasara yangu," akasema, akizisukuma kwa mguu.

Ufaransa, tangu 2007, kampuni inayoingiza nguo mpya sokoni inatakiwa kuchangia gharama za kukusanya na kuchambua zilizochakaa. Safi sana. Ila nguo ikipanda meli kuja huku, ule mchango unabaki kulekule. Mimi nasema ufuate mzigo. Karibuni.

Muuza Kamera (Nairobi)
Kaka, pole pole. Hapa soko la Gikomba kuna kamera, zile safi za kuchaguliwa kwanza, na mwisho kabisa kuna fagia. Hata fagia ina mteja wake. Mkishaiita biashara yetu taka, serikali itasikia neno hilo tu.

Mmesahau 2016? Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikome kufikia 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, AGOA, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ikawekwa mezani, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilikaza: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Sasa huo mchango wenu utapitia wizarani. Mimi wa kibanda nitauona lini?

Dada wa Hamburg
Nilifanya kazi duka la nguo huku miaka miwili. Mlangoni kulikuwa na sanduku: leta nguo kuukuu, upewe kuponi. Mteja anakuja na kimfuko, anatoka na mfuko mkubwa, roho kwatu. Zamani walikuuzia shati tu, siku hizi wanakuuzia na msamaha.

Hata Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani, ambao kwa haki yao wanashona makoti yaliyochanika, mwaka 2011 walitangaza ndani ya New York Times kwamba usinunue koti hili. Mauzo yakapanda!

Halafu angalieni hili. 2018 Burberry, kampuni ya mavazi ya kifahari ya Uingereza, walikiri kuharibu bidhaa za pauni milioni 28.6 katika mwaka mmoja, watu wakachachamaa, wakaacha. Sasa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inazikataza kampuni kubwa kuharibu nguo zisizouzika, kuanzia Julai 2026. Naiunga mkono. Lakini zisipochomwa zitakwenda wapi? Mkae macho bandarini.

Mleta mada
Muuza Kamera, hapo pa wizarani umenibana. Basi isipite huko. Kila soko lipime kilo zilizoshindikana kuuzika, chama cha wafanyabiashara kilipwe kwa kilo. Mizani zipo.

Muuza Kamera
Siku mizani ikianza kulipa, kaka, hata pazia la nyumbani kwako litapimwa.

Fundi Cherehani (Morogoro)
Samahani wakubwa, mimi ndiye mteja wa hizo fagia. Mashati mawili ya pamba natoa gauni moja la mtoto, linavaliwa hadi linarithiwa. Hizi poliesta nyepesi za siku hizi sindano ikigusa tu zinavuta uzi, ukipiga pasi zinajikunja kama nailoni kwenye moto. Mnabishana nani alipwe zikishafika. Mimi hao wenye lebo ningewaomba kitu kimoja: kitambaa kinachokubali kushonwa mara ya pili. Wakileta hicho, Muuza Kamera, nitakuja Gikomba mwenyewe na nauli yangu.

Muuza Kamera
Karibu fundi. Lakini hicho ukikiona kwangu kitakuwa kamera, na bei yake unaijua.