Boliti za silinda hedi 4A-FE: nyingine zinalia na kugoma, nyingine zinazunguka laini. Niendelee kukaza?

Soketi14
Wakuu, habari za kazi. Nabadilisha gasketi ya silinda hedi (kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na hedi) kwenye injini ya Toyota 4A-FE. Hedi imepimwa na haijapinda, gasketi ni mpya, boliti ni zile zile za zamani, zote 10. Kitabu kinataka Nm 29 (kipimo cha nguvu ya kukaza, yaani toki), kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena. Hatua ya kwanza imekwenda bila shida. Hatua ya pili, boliti nne zinalia "krrr" na mkono unagoma kabla ya kufika robo mzunguko, na mbili zinazunguka laini mno. Niendelee na hatua ya tatu au nifungue? Boliti za zamani zinafaa? Na asiye na geji ya digrii anajuaje kuwa amefika 90?

MatoneMawili
Mkuu, ishia hapo hapo. Fungua, ukianzia boliti za pembeni na kumalizia za katikati, kila moja kidogo kidogo kwa raundi mbili tatu. Ukifungua moja hadi mwisho wakati nyingine bado zimebana, hedi ya alumini inaweza kupinda, na ulikwisha kuipima ikawa sawa.

Kule kulia ni msuguano. Nguvu unayotia kwenye spana, karibu nusu yake inaliwa chini ya kichwa cha boliti, kama asilimia 40 inaliwa kwenye nyuzi, na ile asilimia 10 inayobaki ndiyo inayoivuta boliti na kubana hedi. Nyuzi zikiwa kavu au zina kutu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) itakulilia Nm 29 wakati boliti haijabana sawasawa. Digrii zinapunguza tatizo hilo lakini haziliondoi, kwa sababu unaanza kuhesabu digrii kutoka kwenye ile Nm 29. Mwanzo ukiwa wa uongo, robo mzunguko nayo haikufikishi panapotakiwa.

Hedi ikishatoka, shughulikia matundu ya bloku. Mafuta au kulanti (maji ya kupoza injini) ikibaki chini ya tundu haina pa kwenda, na kimiminika hakibonyei. Boliti inagota juu yake, spana inakuwa ngumu, unadhani umekaza. Ukiendelea kulazimisha, bloku inapasuka kwenye tundu. Nyonya kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi nyembamba, kisha puliza kwa kompresa ukiwa na miwani ya kukinga macho. Nyuzi za tundu usizipitishie tepu (kifaa cha kukatia nyuzi) mpya yenye makali, itakula chuma. Chukua boliti moja ya zamani isiyorudi kazini, ikate kwa msumeno wa chuma mifereji mitatu kwa urefu wa nyuzi, kisha ipitishe kwa mkono. Taka zinaingia kwenye mifereji na uzi unabaki salama.

Wakati wa kurudisha, weka mafuta ya injini kiasi kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha boliti. Matone mawili matatu yanatosha. Ukiichovya boliti yote umerudisha mafuta kwenye tundu.

Hiyo gasketi ilishabanwa hadi hatua ya pili, kwa hiyo usiirudishe. Weka nyingine.

RoboMzunguko
Naongezea alichosema MatoneMawili. Boliti za 4A-FE zina urefu wa aina mbili, mm 90 na mm 108. Fupi zinakaa upande wa inteki (hewa inapoingilia), ndefu upande wa ekzosi (moshi unapotokea). Watu wengi wanazitoa zote wanazirundika kwenye kopo moja. Ndefu ikiingia upande wa inteki inaweza kugota chini, na fupi ikiingia upande wa ekzosi inashika nyuzi chache tu, na hizo chache ndizo zitakazong'oka. Kabla ya kukata shauri kuhusu kingine chochote, toa boliti zilizokulilia na zile mbili laini, upime urefu.

Geji ya digrii si lazima. Ukishamaliza Nm 29 kwa zote 10, tia nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila boliti, upande unaotazama mbele ya injini, kwenye taiming belti. Zungusha digrii 90 kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, nukta zote zitatazama ubavuni. Rudia mzunguko wa pili, nukta zote zitatazama nyuma, kwenye gia boksi. Nukta yoyote isiyolingana na wenzake utaiona kwa jicho. Usichanganye zile 90 mbili kuwa 180 za mkupuo mmoja, kwa sababu gasketi itabanwa upande mmoja kabla ya mwingine.

Toki renchi nayo iangalie. Ile ya kufika Nm 200 haiaminiki kwenye Nm 29, kwa kuwa sehemu ya chini kabisa ya kipimo ndiyo inayodanganya. Tafuta ndogo. Vuta kwa mwendo mmoja bila kusitasita, ikilia mara moja acha.

UziSafi
Kuhusu boliti za zamani: kuna injini ambazo kitabu kinakataza kabisa kuzirudia. Hapo hakuna mjadala, nunua mpya. Pale kinaporuhusu, panga zote kwa urefu wake, simamisha vichwa juu ya kioo, uangalie ipi imewazidi wenzake. Kisha chukua nati ya uzi ule ule uizungushe kwa vidole kutoka ncha hadi mwisho wa nyuzi. Ikikwama katikati wakati nyuzi ni safi, boliti imevutika hapo na imekwisha. Kwa uzi wa mm 1.25 (boliti hushuka mm 1.25 kwa mzunguko mmoja kamili), zile digrii 180 ni mm 0.625 za kushuka. Sehemu ya hizo inabonyeza gasketi, nyingine inairefusha boliti, na kule kurefuka kama springi ndiko kunakoishika hedi. Boliti iliyokwisha kuvutika haina tena springi hiyo.

Zile mbili laini ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Boliti ya digrii inaweza kufika mahali ugumu ukaacha kuongezeka, hiyo ni kawaida. Lakini ugumu *ukishuka* huku unazungusha, uzi wa bloku unang'oka au boliti inakaribia kukatika. Itoe uangalie kama kuna chuma kimeganda kwenye nyuzi zake.

Na ile rula ya chuma iliyopima hedi, ipitishe juu ya bloku pia. Kikomo cha injini hii ni mm 0.05 kwa zote mbili, fila geji (kipande chembamba cha chuma cha kupimia mwanya) ya 0.05 isipite chini ya rula popote.

Soketi14
Nimepima: boliti mbili zilibadilishana upande, na matundu matatu yana maji. Asanteni sana. Swali la mwisho: nikiweka stadi (fimbo zenye nyuzi pande zote mbili, zisizo na kichwa) na nati badala ya boliti, toki ni hiyo hiyo?

UziSafi
Hapana. Stadi ina toki yake kutoka kwa aliyeitengeneza, pamoja na kilainishi chake. Ukibadilisha kilainishi, namba hiyo haifai tena. Stadi ingiza kwenye bloku kwa mkono hadi ifike, usiikaze kwa spana. Tundu likitokea kwenye njia ya maji, weka silanti (dawa ya kuziba) kwenye nyuzi za chini. Kilainishi kinakwenda kwenye nyuzi za juu na pande zote mbili za washa (kile kipete kinachokaa chini ya nati). Kaza nati kwa hatua tatu sawa: ikiwa mwisho ni Nm 90, basi 30, 60, 90, na digrii huwa hazihusiki. Pima pia nafasi chini ya boneti, maana hedi itabidi ipande wima hadi ipite ncha za stadi, na kuna magari ambayo haipiti.

RoboMzunguko
Ukibaki na boliti za digrii, usirudi kuzikaza baada ya injini kupata moto. Kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, uhakikishe alama za taiming zimerudi mahali pake.