Nimeshuka meli Long Beach, Marekani, nataka kuigiza kama Hayakawa. Nishaurini

Mgonga Kutu: Wakuu, heshima zenu. Mimi baharia wa Tanga, mwaka wa nne sitahani. Nimesoma habari za Sessue Hayakawa, mwigizaji Mjapani, baharia mwenzangu. Alikuja Marekani hana jina, mwaka 1915 akacheza The Cheat, filamu ya mwongozaji Cecil B. DeMille, akawa nyota. 1918 akafungua kampuni yake ya filamu. Je, niache meli nijaribu na mimi? Usingizi sipati.

Bi Mkubwa wa Chumbageni: Mwanangu, kaka yangu alizamia Ugiriki. Miaka kumi na moja kimya. Karudi na begi moja, mama tumeshamzika, anauliza funguo za nyumba ziko wapi. Mpigie mama yako kwanza.

Kasri: Mkuu, meli iko wapi?

Mgonga Kutu: Si suala la meli, naulizia uigizaji.

Kasri: Iko wapi?

Mgonga Kutu: Imeondoka Jumanne. Nilibaki. Msinihukumu, kuna jamaa anafundisha uigizaji, nimeshampa dola 600. Nisingebaki sasa, ningebaki lini?

Chupa ya Chai: Maskini serahangi, bosi wenu wa sitahani, leo anagonga kutu mwenyewe!

Mzee wa Mashaka: Uzi wa kutunga huu. Hayakawa hakuwa baharia. Kazaliwa Chiba, Japani, 1886, kwao walimtaka awe ofisa wa jeshi la majini. Inasimuliwa alipiga mbizi sikio likapasuka, safari ikaishia hapo. Hata ile habari ya kusoma chuo Chicago wanahistoria wanaitilia shaka. Tuwekee picha ya kitabu chako cha baharia.

Mgonga Kutu: Kitabu na pasi viko kwa kepteni. Nilichonacho ni karatasi ya kibali cha baharia kushuka nchi kavu, imeloa jasho, muhuri umeanza kufutika. Kidole changu cha shahada hakikunji tangu nyundo iniponde tukiwa Durban. Nitunge ili iweje?

Mzee wa Mashaka: Basi samahani. Vya baharia hukaa kwa kepteni kweli.

Dada Rehema: Mdogo wangu, Hayakawa hukumsoma mpaka mwisho. Kwenye The Cheat anamchoma mwanamke chuma cha moto begani. Wajapani wa Los Angeles walilalamika sana, na 1918 filamu ilipotolewa upya mhusika akageuzwa Mburma. Nyota mzima, lakini sheria ya wakati ule haikumruhusu kuwa raia. Aliondoka Hollywood 1922, na kuteuliwa kwa Oscar kulikuja kwa filamu ya 1957, nywele zimeshaota mvi. Sasa wewe: kibali cha baharia hakizidi siku 29, na kwa kawaida kinakufa meli ikishang'oa nanga. Mpigie wakala wa meli leo hii, kisha nenda kituo cha mabaharia hapo bandarini. Uigizaji una njia yake ya halali, utaurudia.

Mgonga Kutu: Na dola 600?

Dada Rehema: Zisahau. Piga simu.

Mgonga Kutu: Namba ya wakala nimeiona nyuma ya karatasi. Inaita.