Valiamu bila cheti: maduka ya Tanga yakaze au yaachie?

BintiNgamiani: Jamani nauliza. Duka tulilozoea limekataa kumuuzia mama valiamu, ile dawa ya usingizi na wasiwasi, bila cheti cha daktari, na mama anameza kila usiku tangu baba afariki. Kakosa siku chache tu mikono inatetemeka, jasho, usingizi hapati, alfajiri moja kaanguka kama mwenye kifafa. Hospitali tukaambiwa aache tu, ni mazoea. Sheria sawa, ila aliyekwishazoea afanyweje?

KochaChumbageni: Sheria ni sheria. Mtu akikosa kidonge anatetemeka, huyo si teja? Tofauti yake na wale wa stendi ni kanga tu.

BintiNgamiani: Wee Kocha shika adabu yako!! Mama yangu hajakuomba hata maji.

MzeeRaskazone: Kocha umechemsha mwanangu. Ila hiyo dawa nayo ni kama Tanga yetu, waja leo, kurudi ndo hujui lini.

NesiMstaafu: Naomba niwakatize. Valiamu ilitoka 1963 na si ya kumezwa miaka. Ukimeza kila siku wiki kadhaa mwili unaizoea hata kama umeandikiwa kwa cheti halali, na kukata ghafla ndo kunaleta kifafa, sio utovu wa adabu. Mwongozo wa Marekani wa 2025 unasema anza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi, kisha subiri wiki 2 hadi 4 kabla ya kupunguza tena, daktari akiangalia. Kazi iko kwenye vidonge vyetu vya miligramu 5: nusu unavunja kwenye mstari fresh, robo ukiweka wembe inageuka unga.

KochaChumbageni: Asilimia 5 ya kidonge? Tukaazime mizani ya sonara? Si hospitali ya Bombo kuna metadoni, apelekwe.

NesiMstaafu: Metadoni ni dawa ya kuwatibu walionasa kwenye heroini baba! Ukichanganya na valiamu mtu anaweza kuacha kupumua. Usimshauri mtu hivyo tena.

DadaMakorora: Mi mnanishangaza. Kaka yangu kaitwa teja mtaa mzima miaka yote, hakuna hata mmoja wenu aliyesema shika adabu. Naye alianza kwa kutafuta usingizi tu. Leo kaguswa mama wa mtu ndo mmekumbuka heshima?

BintiNgamiani: Dada kaka yako sijamtaja mimi.

DadaMakorora: Ndo hivyo, hamumtaji.

MzeeRaskazone: Hebu tulieni. Binti, mama yuko vipi sasa?

BintiNgamiani: Afadhali baba. Tumempata daktari mwingine kamrudishia dozi yake kwanza, sasa anampunguzia kidogo kidogo, kuna usiku anakaa barazani mpaka adhana na anagomba na kila mtu ila kuanguka hajaanguka tena. Na Kocha aombe radhi.

KochaChumbageni: Mama namwombea shifaa. Radhi sijasema.

DadaMakorora: Akiomba aanze na kaka yangu.