El vampiro negro (1953): nianze nayo, au na M ya Fritz Lang?

mtazamaji_usiku: Wakuu, heshima kwenu. Nimepata El vampiro negro, ile ya Argentina ya Román Viñoly Barreto. Nasikia ni M, ile filamu ya Kijerumani ya Fritz Lang, iliyorudiwa kwa Kihispania. Nitazame ipi kwanza? Pia kwenye TV weusi umekuwa kijivu, nyuso zimetanuka, na sabtaito zinaitangulia sauti, tena kadiri filamu inavyoendelea ndivyo zinavyozidi kuachana.

Barazani: Anza na ya Argentina. Ukianza na M ya 1931 utabaki kusaka mifanano. Kwenye M polisi na wahalifu wote wanamwinda muuaji wa watoto, na jiji zima ndilo mhusika. Viñoly Barreto amekihamishia kisa kwa mama. Amalia (Olga Zubarry, ndiye anayeibeba filamu) anaimba kwenye kabarei. Kupitia dirisha la chumba cha kubadilishia nguo anamwona mtu akitupa mwili wa mtoto kwenye mtaro wa maji machafu. Hasemi, maana ikijulikana anafanya kazi gani, anaweza kunyang'anywa binti yake. Hapo ndipo penye uchungu: anamkinga mwanawe kwa kunyamaza, na ukimya huohuo unamwacha muuaji mitaani. Wala usidhani mwendesha mashtaka ni mtu safi. Angalia anavyomsogelea Amalia.

fundi_picha: Nyuso zimetanuka kwa sababu TV inaivuta picha ijaze kioo. Filamu za wakati ule ni karibu 4:3 (upana kwa kimo), kwa hiyo weka uwiano wa asili ukubali mistari myeusi pembeni. Kijivu mara nyingi kinatoka kwenye HDMI, waya unaounganisha kichezeshi na TV: kichezeshi kinatoa viwango vya mwanga (kutoka weusi hadi weupe) vya 16–235 huku TV ikisubiri 0–255. Vifananishe kwanza, ndipo uguse mwangaza. Ukikosea kinyume chake, vivuli vinazibika, na humu Aníbal González Paz amepiga picha ambazo nusu ya habari imo gizani. Zima pia ulainishaji wa mwendo (TV kuongeza picha za kubuni katikati ili mwendo uteleze). Kama nakala yenyewe imechakaa hakuna kitakachosaidia. Tafuta diski ya kampuni ya Flicker Alley, yenye ukarabati wa UCLA (chuo kikuu cha California, Los Angeles).

Herufi: Hizo sabtaito zilitengenezwa kwa fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, na video yako ni ya 24. Dakika ya 10 zinatangulia kwa sekunde 24, dakika ya 60 kwa dakika 2 na sekunde 24. Vitufe vya G na H vya VLC (programu ya kuchezea video) havitakuponya, vinasogeza faili lote kwa kiasi kilekile. Fungua faili kwa Subtitle Edit, programu ya kuhariri sabtaito, badili kiwango cha fremu kutoka 25 kwenda 24, kisha kagua mwanzo na mwisho. Ikibaki tofauti isiyoongezeka, sasa ndiyo utumie G na H. Hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), la sivyo ñ na á zitageuka takataka.

mtazamaji_usiku: Sabtaito zimekaa sawa, shukrani Herufi. Nikimaliza nifuatie na nini?

Barazani: M, bila shaka. Mwangalie Elsie Beckmann, msichana anayeuawa: Lang haonyeshi mauaji, anaonyesha mpira ukibiringika kutoka kichakani na puto likinasa kwenye nyaya. Baadaye La bestia debe morir ya 1952, ya Viñoly Barreto huyohuyo, ambapo baba anamsaka dereva aliyemgonga mwanawe akamuua. Usisome muhtasari wake popote, mpangilio wa matukio ndiyo utamu wenyewe.