Ukoo wa Gungu

Ma'mdogo Asha: Asalaam alaykum ukoo. Mwenye projekta ananipigia tangu alfajiri. Elfu 20 ya filamu ya jana, The Best of Me, mkononi nina elfu 9. Watu kumi na sita mlikaa kwenye jamvi langu mkala na karanga zangu. Naomba kabla ya magharibi.

Ma'mdogo Asha: Na Jumamosi ijayo tupange mapema. Mihogo nani?

Ma'mdogo Asha: Naona tiki za buluu tu.

Shabani: Ma'mdogo, mimi kwa filamu ile nadai nirudishiwe 😂 Mtu analipukiwa kwenye mtambo wa mafuta baharini, anaporomoka majini, anatoka mzima. Nikamwambia Baba Nasra, huyu katunzwa ili afe mwishoni.

Baba Nasra: Nikaweka dau la soda. Nimeliwa.

Hamisi: Hata DJ aliyetafsiri alisema mapema, "huyu simuoni akifika mbali"

Mwl. Neema: The Best of Me nilikisoma kitabu, cha Nicholas Sparks, cha 2011. Kule yule mzee Tuck, aliyemhifadhi yule kijana, nilimzoea, kifo chake kikaniuma. Filamu ya 2014 imempitisha mbio. Wapenzi wa ujanani, miaka 21 hawajaonana, mzee anafariki, wanaitwa wote wawili nyumbani kwake. Hapo nilishamaliza kuiangalia.

Shabani: Na yule kijana ana mabega kama kuli wa Kibirizi, akikua anageuka mtu mwingine kabisa. Miaka 21 inabadilisha hadi pua?

Mama Zainabu: 😂😂 kuli wa Kibirizi jamani

Ma'mdogo Asha: Mlilia nyie. Nilimulika tochi nikawaona. Hata harusi mwisho wake unaujua na bado mnashona sare. Elfu 11 bado.

Mwl. Neema: Kulia si hoja ma'mdogo, muziki ule ungemliza hata mgebuka ziwani. Tatizo ni ule moyo. Mtoto wa mwanamke kapata ajali, anahitaji moyo mwingine, na huku mpenzi wa mama anauawa. Moyo ukahamia kwa mtoto. Hesabu imefungwa kama ya mwenye duka, hakuna hata senti iliyopotea. Mapenzi gani hayo yasiyo na chenji?

Baba Nasra: Halafu ndugu zake wamemshindwa, baba mtu ndiye anammaliza kwa risasi pale relini. Si wangemwachia treni tukalale.

Shabani: Ingekuwa treni yetu ya Kigoma, angeisubiri mpaka moyo upoe 😂😂

Hamisi: 😂😂😂😂

Mama Zainabu: Asha, tukirudi kwenye jamvi "lako". Lile la mistari myekundu ni la mama. Lilitoka kwetu siku ya arobaini, halikurudi. Na sufuria kubwa.

Ma'mdogo Asha: Dada, leo tena? Sufuria liko kwa wifi Katubuka, nimesema mara ngapi.

Wifi Katubuka: _Ujumbe huu umefutwa_

Mama Zainabu: Tumeuona wifi.

Hamisi: Bibi kaniambia niandike hivihivi anavyosema:

Hamisi: Nimesomewa yote. Mnacheka mtu kufia relini. Aliyekabidhiwa nguo pale stesheni ni mimi, si nyinyi. Na jamvi mnalogombania ndilo tulilomlaza marehemu wetu. Haya, endeleeni.

_Saa 1:20 usiku_

Shabani: Shikamoo Bibi. Nimekosa.

Baba Nasra: Tuwie radhi Bibi.

Mwl. Neema: Nimetuma elfu 2.

Ma'mdogo Asha: Imeingia. Dada, jamvi nalileta kesho mwenyewe. Sikujua ndilo.

Mama Zainabu: Ulijua Asha. Lilete tu.

Ma'mdogo Asha: Kwa hiyo Jumamosi ipo au haipo? Mwenye projekta anataka jibu.

Hamisi: Bibi anauliza, hiyo nyingine nayo wanakufa?

Ma'mdogo Asha: Sijaiangalia.

Hamisi: Kasema basi uiangalie kwanza.

Wifi Katubuka: Mihogo nitaleta mimi. Kama ipo.

Ma'mdogo Asha: Na sufuria, wifi. Elfu 9 bado.