Tovuti inafunguka kwa bando la simu lakini kwa faiba ya nyumbani inagoma: nitathibitishaje imefungwa?

mkaazi_wa_Roysambu
Wakuu, kuna tovuti ya kuhifadhi mafaili ambayo kwa faiba hapa Roysambu inazunguka tu, kisha inaandika muunganisho umekatwa. Kwa bando la simu inafunguka papo hapo. Rauta imezimwa na kuwashwa, bado. Huduma kwa wateja wanajibu "upande wetu hakuna tatizo". Nitathibitishaje kama ni wao, na sheria inanipa nini?

fundi_waya
Mkuu, kabla ya kusema wamefunga, tafuta panapokatikia. Zima VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwingine), ubaki na faiba pekee.

Anza na jina, yaani DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kwenye kompyuta andika `nslookup jina-la-tovuti`, halafu `nslookup jina-la-tovuti 1.1.1.1`, ambayo inauliza DNS ya Cloudflare badala ya ile ya kampuni yako. Wengi hukosea hapa: anwani mbili tofauti si ushahidi, kwa kuwa tovuti kubwa hutoa anwani kulingana na ulipo. Kinachotia shaka ni jibu la 127.0.0.1 au 0.0.0.0 (anwani zisizofika kwenye tovuti yoyote), au kuambiwa jina halipo ilhali kwa bando lipo. Na kampuni inaweza kudaka maswali yote ya mlango 53, ambao DNS hupitia, ikajibu yenyewe hata ukiyaelekeza kwingine, kwa hiyo rudia kwa DNS iliyosimbwa, ambayo kampuni haiwezi kuisoma. Kwenye Android 9 na kuendelea, nenda kwa DNS ya faragha uandike `one.one.one.one`.

Ila dalili yako inaelekeza kwingine. Hata kwenye https, jina la tovuti kwa kawaida hupita wazi katika ujumbe wa kwanza, kabla usimbaji haujaanza. Mtambo wa kuchuja hulisoma na kutuma amri ya kukata. Jaribu:

`curl -v https://jina-la-tovuti`

Ikikatika mara tu baada ya "Client hello" (huo ujumbe wa kwanza), peleka jina lingine kwa anwani ileile; penye ANWANI weka namba uliyopata kwa nslookup:

`curl -vk --connect-to ::ANWANI:443 https://example.com`

Seva ikijibu chochote, hata kukukataa, njia iko wazi na linalozuiwa ni jina.

Nduta_mitambo
Naongeza mambo mawili. Kwanza, tovuti yenyewe inaweza kuwa ndiyo iliyokufungia. Ukiona kwenye ukurasa wa rauta anwani ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, unatumia anwani moja ya umma pamoja na wateja wengine wengi. Mmoja akivuruga, tovuti inawafungia nyote. Mara nyingi hapo utapata 403 (jibu la seva la kukukatalia) au fumbo la picha, na kukatwa kimya ni nadra.

Pili, weka rekodi ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Programu ya OONI Probe, inayopima kama tovuti imezuiwa, ni ya bure: weka anwani ya tovuti, pima kwa faiba, kisha kwa bando ndani ya saa hiyohiyo. Matokeo huwekwa hadharani yakiwa na muda na namba ya mtandao wa kampuni. Rudia siku kadhaa. Kipimo kimoja chenye kasoro hakithibitishi kitu. Kwa anayeshuku kupunguziwa kasi badala ya kufungiwa, programu ya Wehe ndiyo inafaa, lakini asipime usiku saa mbili mtaa mzima ukitazama video.

sheria_na_mtandao
Kenya haina sheria mahususi ya usawa wa mtandao, yaani kanuni kwamba kampuni isibague tovuti moja na nyingine. Marekani nako kunayumba: kanuni za 2015 zilifutwa 2017, zikarudishwa 2024, mahakama ikazitupa Januari 2025. India ilipiga marufuku bei tofauti kwa tovuti tofauti mwaka 2016. Sisi tunategemea Katiba, hasa vifungu 33 (uhuru wa kujieleza) na 35 (haki ya kupata habari).

Andikia kampuni barua pepe, usipige simu. Taja tarehe, saa na kiungo cha OONI, kisha uliza: mnazuia jina hili? Kwa agizo la nani? Hadi lini? Wakikwepa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way, ukiambatisha barua hiyo. Wakati huohuo iombe Mamlaka nakala ya agizo lolote, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ina siku 21 za kujibu, na ikinyamaza unakwenda Tume ya Haki ya Utawala. Maagizo ya namna hiyo yapo: watoa huduma waliagizwa kuzuia Telegram saa za mitihani ya KCSE ya 2024. Kwa hiyo andika saa kwa usahihi. Kizuizi kinachofuata ratiba kina mtu aliyekipanga, na huyo ana wajibu wa kukieleza.

mkaazi_wa_Roysambu
Shukrani. `curl` imekatika baada ya Client hello. Kwa jina la example.com seva imejibu 403.

fundi_waya
Basi jina linachujwa. Kabla ya barua, ondoa washukiwa wa nyumbani: ingia kwenye rauta uangalie udhibiti wa wazazi na orodha ya anwani zilizozuiwa, uzime kinga ya virusi inayokagua https, na uhakikishe akaunti yako haina kichujio cha familia kilichowashwa. Kisha rudia amri zote mbili kwa kompyuta nyingine, kwa waya, na uambatishe matokeo yote.