Mtume, Nabii, Dkt., Baba: mtumishi wa Mungu anahitaji bango kubwa kiasi gani?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wasio wa imani hii, habari zenu.

Niko kwenye kamati ya maandalizi ya mikutano ya injili kanisani kwetu, hapa Dar es Salaam, mwaka wa sita sasa. Kanisa sitalitaja. Majuzi tulikaa kujadili bango. Fundi alituletea mchoro kwenye simu: jina la mkutano juu, mchungaji kulia, mama mchungaji kushoto, uwanja na tarehe chini. Agizo likaja kwamba picha ya mtumishi iongezwe. Ikaongezwa. Iongezwe tena. Mchoro wa nne ulipofika, jina la Yesu lilikuwa limesukumwa mpaka limekaa begani mwa koti la mtumishi, herufi ndogo zinalingana na namba ya simu ya fundi kule pembeni. Mzee mmoja wa kamati akavua miwani, akauliza taratibu, "Huu mkutano hasa ni wa nani?" Watu wakacheka kidogo, ajenda ikasonga. Kikao kilichofuata mzee hakuwepo. Tulipouliza tukaambiwa amepumzishwa.

Tangu hapo nahesabu vitu ambavyo zamani nilikuwa sivioni. Kiti cha mtumishi madhabahuni kimepanda ngazi mbili. Kijana mmoja kazi yake ni kubeba Biblia, mwingine maji na taulo. Jina lilianza na Mchungaji, likaja Nabii, sasa ni Mtume Dkt., na huo udaktari ni wa heshima, tulichangishwa suti za kwenda kuupokea.

Naomba tujadili: mtu anayelitafuta jina lake mwenyewe bado anaweza kuitwa mtumishi? Msimamo wangu ni hapana. Katika Yohana 7, ndugu zake Yesu walimshauri aende Uyahudi akaonekane, kwa sababu mtu anayetaka kujulikana hafanyi mambo kwa siri. Huo ndio ushauri ambao kila idara ya habari ya kanisa inautoa leo. Yohana anaeleza kwamba hao ndugu walikuwa hawamwamini.

Mpiga kinanda

Mleta mada, nakuheshimu, ila umeandika kama mtu aliyekasirishwa na kikao.

Sensa ya 2022 imekuta Dar ina watu zaidi ya milioni 5. Utawaambiaje kwamba kuna mkutano? Kampuni za bia zinaweka bango kila mzunguko wa barabara na hakuna anayeziuliza habari za unyenyekevu. Tukiweka sisi, tunaitwa wapenda sifa. Na ukweli wa mtaani ni kwamba watu wanafuata sura wanayoijua. Ukiandika "Yesu Anaokoa" bila picha, atakuja mama yako na kwaya.

Umetaja Yohana, nami nakupeleka Wafilipi 1. Paulo yuko kifungoni, anasikia wapo wanaomhubiri Kristo kwa husuda na kwa kushindana, wanataka kumwongezea dhiki. Hakuunda kamati ya maadili. Alisema, kwa hila au kwa kweli, Kristo anahubiriwa, na yeye anafurahi. Nia ya mtumishi aachiwe Mungu. Mimi niliokoka kwenye mkutano wa mtu mwenye walinzi wanne na gari jeusi. Nirudishe wokovu?

Mjukuu wa Bukoba

Mpiga kinanda, usirudishe kitu. Ila wacha nisimulie kidogo.

Bibi yangu alikuwa ndugu wa Uamsho, ile harakati ya wokovu iliyopita makanisani Afrika Mashariki. Walioukuta ule wakati Kagera wanajua ninachosema. Moto ulianzia Gahini, Rwanda, na kule Uganda ambako Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe mwaka 1929 wakaomba pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeshavuka mpaka huku kwetu. Wakaitwa Balokole, waliookoka. Hawakujenga dhehebu. Walibaki Waanglikana na Walutheri, wakikaa kwenye mabenchi yaleyale.

Nilikuwa mdogo, nalala chini mkekani, wanakutana sebuleni kwa bibi. Taa ya chemli mezani, chai kwenye birika kubwa. Kila mtu anasimama anasema anavyotembea na Bwana wiki ile, na akisema uongo wanamjua. Siku moja alikuja mchungaji wetu. Akasema habari za safari yake, ameonana na nani na nani. Bibi akiwa bado anamenya ndizi akamwambia, "Ndugu, mbona leo Yesu simsikii, nakusikia wewe tu?" Hakumwita Mchungaji. Alimwita ndugu. Yule baba akanyamaza, akakaa, baadaye akasema kweli, amejiona. Wakaimba Tukutendereza, na kisu cha bibi kikaendelea na ndizi.

Na usidhani walikuwa watu wasiojulikana. Festo Kivengere alitoka humohumo. Aliwahi kuwa mwalimu Dodoma, akawa askofu wa Kigezi, Uganda, mwaka 1972, akahubiri mabara mengi. Jina alikuwa nalo. Lakini ndani ya Uamsho aliendelea kuwa ndugu kama wengine, na ndugu huambiwa.

Sitawapamba. Na wao walikuwa na yao. Kuna waliogeuza kutubu kuwa mashindano, nani ana dhambi nzito zaidi ya kuungama mbele za watu. Bibi alikuwa akisema kuna wanaojivunia vumbi la magotini.

Parokiani

Naingilia kwa ufupi, mimi Mkatoliki. Kila mjadala wa vyeo ukifika, mtu anasoma Mathayo 23, "msimwite mtu baba duniani", kisha anatugeukia sisi na mapadre wetu. Sawa. Lakini Walutheri wanasema Baba Askofu, Waanglikana Baba Askofu, na Wapentekoste wameongeza Baba wa Kiroho. Huo mstari umetushika wote. Kwa hiyo kama hoja ni neno tu, hakuna aliye salama hapa.

Alhamisi Kuu ya 2013, Papa Fransis alikwenda gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akawaosha miguu vijana 12, wakiwemo wasichana na Waislamu. Picha zilizunguka dunia nzima. Je, zile picha ziliufanya unyenyekevu wake kuwa maonyesho? Sijui kama mleta mada ana kipimo cha hilo.

Dada wa Moshi

Mnajadili kama vile umaarufu ni jambo la nguo na kiti tu. Nakaa Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Jina la mtu simtaji, na mashtaka siyaleti hapa. Ninachosema ni kwamba jina kubwa linaleta umati, na umati una uzito wa kilo. Mwenye jina dogo akikosea, anakosea mbele ya watu 40.

Na kaka mpiga kinanda, wale waliokuwa uwanjani walikuwa wanampenda Mungu kama wewe. Kristo alihubiriwa pale pia.

Mpiga kinanda

Dada, pole. Hilo sina jibu lake. Ila msongamano ni suala la milango ya kutokea na polisi, hata mpirani hutokea.

Mwalimu mstaafu

Wanangu, salamu. Mnatafuta mtu mnyenyekevu mkidhani mkimpata mambo yamekwisha. Mimi nawaletea mmoja.

Mwaka 2011 nilikwenda Samunge, Loliondo. Ndiyo, nilikunywa kikombe cha dawa ya Babu iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, mnicheke. Babu huyo, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, alikuwa mstaafu wa Kilutheri, mzee wa watu. Hakuwa na bango hata moja. Hakuwa na televisheni. Kikombe shilingi 500, waziri na mchunga ng'ombe walilipa sawa. Tulilala kwenye foleni siku tatu, magari yamepangana porini mpaka macho yanachoka. Nilipofika mbele nikakuta mzee amevaa kawaida, mikono inatetemeka kwa uchovu, ananisogezea kikombe cha plastiki bila kuuliza mimi ni nani. Baada ya wimbi lile kupita hakuhamia mjini. Alibaki kijijini mpaka alipofariki mwaka 2021.

Basi kwa kipimo cha mleta mada, huyo ni mtumishi, tena amefaulu. Lakini wapo waliotoka wodini kwenda kule, wapo waliofia njiani, wapo walioacha dawa za kila siku wakiamini wamepona. Jirani yangu alikuwa mmoja wa hao wa dawa. Unyenyekevu wa mzee haukumsaidia jirani yangu. Nani alikuwa na nafasi ya kumkalisha mzee yule akamwambia, Babu, ukiwapa kikombe waambie pia wasiache dawa? Umati ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko sauti ya mtu yeyote.

Na upande wa pili, kuna Edmund John. Vijana hamumjui. Alikuwa Mwanglikana wa kawaida, hakuwa hata kasisi, ingawa kaka yake alikuwa Askofu Mkuu John Sepeku. Miaka ya mwanzo ya sabini maelfu walimfuata kuombewa, mpaka alipofariki 1975. Aliombea watu akiwa mlei, na mlei akabaki. Nguvu hizo kwa mtu wa leo zingezaa vyeo vitatu kabla ya Pasaka.

Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Umenivuruga, na nakushukuru.

Nimerudia kusoma nilichoandika mwanzo nimeona nilipindisha. Nilianza na bango kwa sababu bango linaonekana. Nikampita yule mzee kwa sentensi chache. Kumbe yeye ndiye habari. Mchungaji wa Bukoba aliambiwa na bibi anayemenya ndizi, na wiki iliyofuata bibi alikuwa bado yuko sebuleni kwake. Mzee wetu aliuliza swali la maneno sita, akapumzishwa.

Kwa hiyo nafuta kipimo changu cha kwanza. Parokiani, picha za Papa sitazihukumu. Mpiga kinanda, bango liwe kubwa hata kama ukuta wa uwanja wa Mkapa. Naomba nijue kitu kimoja: ndani ya kanisa hilo kuna mtu gani anayeweza kumwambia mtumishi "hapana", na Jumapili ijayo akakuta nafasi yake iko palepale?

Kwetu nimejaribu kuwahesabu. Bodi ya wadhamini, ile iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa udhamini, ina mtumishi, mkewe, shemeji yake na mhasibu anayelipwa na mtumishi. Baraza la wazee linateuliwa na yeye. Mapato tunasomewa, matumizi tunaombewa. Katiba ya kanisa ipo, kwa sababu bila katiba Msajili wa Jumuiya asingetuandikisha, lakini miaka sita kwenye kamati sijawahi kuiona kwa macho.

Wakili wa pembeni

Mleta mada umefika kwangu. Jumuiya ikishasajiliwa, katiba yake ndiyo inayosema kiongozi anapatikanaje, anaondolewaje na hesabu zinakaguliwa na nani. Kila muumini aombe kuisoma. Haihitaji ufunuo.

Wengine watasema serikali iingie. Rwanda waliingia: sheria ya 2018 ikataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya teolojia, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa. Mimi nasita. Shahada haimfundishi mtu kusikiliza, na dola ikizoea kufunga kanisa la mpenda sifa, kesho itafunga la mkweli anayeiudhi.

Dada wa Moshi

Serikali ingeanza na milango ya uwanja tu ningeshukuru.

Mjukuu wa Bukoba

Wakili, hata katiba ni karatasi. Bibi hakuwa na katiba. Alikuwa na desturi ambayo mchungaji mwenyewe aliikubali kabla hajaingia mlangoni, kwamba humu ndani mimi ni ndugu. Tatizo la cheo kama Mtume ni hilo. Ndugu unamwambia, "Ndugu, umekosea." Jaribu kulisema hilo kwa mtu anayesikia sauti ya Mungu asubuhi, wewe ukaisikia kwake mchana. Sentensi inakwama kooni. Hapo ndipo neno linapofanya kazi, Parokiani, hata kama wote tunalitumia.

Parokiani

Nakubali, kwa shingo upande. Na kwetu pia zipo parokia ambako paroko haambiwi, ila askofu anaweza kumhamisha. Wakati mwingine anahamishwa na tatizo linahama naye.

Mpiga kinanda

Nimekaa kimya siku mbili kwa sababu ya lile swali la katiba. Bado nasema watu wanafuata sura, na bango litabaki. Lakini jana baada ya mazoezi ya kwaya nilimfuata katibu wetu, nikamwambia naomba kuiona katiba ya kanisa, nisome tu, nirudishe.

Alifunga daftari lake kwanza. Halafu akaniuliza nimetumwa na nani.